Radeon kwenye bodi ya Intel, GeForce kwenye bodi ya AMD: kweli zinapigana?

Soketi_Tupu aliuliza:

Habari za jukwaa wakuu. Nina mashine mbili za kuwekea kadi za michoro, ila maneno ninayopewa madukani yananichanganya.

Mashine ya kwanza ni Dell OptiPlex 9020, lile kasha kubwa la kusimama: Core i5-4590, chipseti (chipu kuu ya bodi) Q87, RAM GB 16, pawa saplai yake ya kiwandani ya wati 290. Ya pili ni ya kuunga: madabodi ya B450M, Ryzen 5 3400G, RAM GB 16, pawa saplai ya wati 550 yenye waya mmoja wa pini 8 wa kadi.

Kadi ni GeForce RTX 3060 ya GB 12 (ya NVIDIA) na Radeon RX 6400 ya GB 4 (ya AMD). Muuzaji anashikilia kwamba Radeon lazima ikae kwenye bodi ya AMD, na GeForce ikae kwenye Intel, kwa sababu AMD na NVIDIA ni washindani na "fahali wawili hawakai zizi moja". Kwa mpango wake 3060 inaingia kwenye Dell, RX 6400 inaingia kwenye B450.

Naomba kujua: (1) hilo la chipseti kukataa kadi ya mshindani lina ukweli? (2) kadi ipi iende wapi? (3) 3400G ina michoro ya Vega ndani yake. Draiva za AMD na za NVIDIA zikikaa kwenye Windows moja hazivurugani? Skrini zote ni 1920 kwa 1080.

---

Njia_16 alijibu:

Mkuu, mpange kinyume na alivyosema. 3060 iende kwenye B450, RX 6400 iende kwenye Dell. Sababu ni umeme, wala si jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kwanza hilo la uhasama. Kadi na bodi zinaongea kwa PCI Express (PCIe), na kanuni zake zinaandikwa na PCI-SIG, chama ambacho Intel, AMD na NVIDIA wote ni wanachama. Ukiwasha mashine, kadi na sloti vinakubaliana mambo mawili: njia ngapi zitumike (1, 4, 8 au 16) na kizazi kipi (1, 2, 3, 4 au 5). Vinachukua kiwango cha juu ambacho pande zote mbili zinakiweza. Hakuna mahali chipseti inapouliza kadi imetengenezwa na nani. Tena kwenye hizo mashine zako sloti kubwa ya juu haipiti hata kwenye chipseti. Njia zake zinatoka moja kwa moja kwenye prosesa.

Sasa umeme. RTX 3060 inakula wati 170. Sloti inatoa 75 tu, na kati ya hizo kama 66 ndizo za volti 12. Zinazobaki, zaidi ya wati 100, lazima zipite kwenye waya wa pini 8. Pawa saplai ya 290 ya 9020 haina waya huo. Hata ungekuwepo, piga hesabu: i5-4590 imepimwa wati 84, jumlisha 170 unapata 254. Unabaki na 36 za bodi, RAM, diski na feni, na kadi za siku hizi huruka juu ya kipimo chake kwa milisekunde kadhaa. Mashine itajizima yenyewe gemu likipamba moto. NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na hiyo unayo kwenye B450.

RX 6400 inakula 53 na haina tundu la waya kabisa. 84 na 53 ni 137. Dell inaimeza bila kulalamika.

Na tafadhali, ukishauriwa kununua adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa SATA na kuupeleka kwenye pini 8 za 3060, kataa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5. Hizo ni ampea 4.5, sawa na wati 54. Kadi itadai kama ampea 8.7 kupitia hapo. Plagi inalainika kwanza, kisha inanuka, kisha inaungua, na kwa kawaida inaanza na ile pini ya pembeni ambayo haikushika vizuri.

---

mzee_wa_sloti alijibu:

Nyongeza kidogo kuhusu uvumi wenyewe, maana haukuzuka hewani.

Kuna kipindi chipseti ilikuwa na maneno kweli, ila ni pale ulipotaka kufunga kadi MBILI zifanye kazi kama moja. NVIDIA alipoirudisha SLI (mfumo wake wa kuunganisha kadi mbili) mwaka 2004 aliifungia kwenye chipseti zake mwenyewe za nForce. Ukiwa na bodi ya Intel yenye sloti mbili nzima, draiva iligoma tu, ingawa kwa upande wa vyuma hakukuwa na kizuizi. Mwaka 2008 akaanza kuruhusu bodi za Intel X58 kwa leseni, na 2011 akaruhusu chipseti za AMD za 990FX na ndugu zake. ATI, ambaye AMD alimnunua mwaka 2006, CrossFire yake (mfumo wa aina hiyohiyo) ilikubali chipseti za Intel kama 975X. Kwa hiyo hata enzi hizo Radeon mbili kwenye bodi ya Intel zilikuwa jambo la kawaida.

Chanzo cha pili ni cha 2020. AMD alitangaza Smart Access Memory pamoja na RX 6000, na mwanzoni akasema inahitaji Ryzen 5000, chipseti ya mfululizo wa 500 na kadi yake. Watu wakasikia "AMD kwa AMD". Kumbe ndani yake ni Resizable BAR, kipengele cha kuiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, kilichokuwemo kwenye kanuni za PCI Express siku nyingi. Muda si mrefu Intel na NVIDIA nao wakakiwasha.

Na kama muuzaji bado anabisha, mwambie atafute Core i7-8809G ya 2018: prosesa ya Intel na michoro ya Radeon RX Vega M vimekaa juu ya kipande kimoja. Hao fahali walilala zizi moja na zizi halikuvunjika.

---

FundiBios alijibu:

Swali la tatu nalichukua mimi, pamoja na mipangilio.

Draiva hazivurugani. Windows inamtambua kila mmoja kwa namba ya mtengenezaji: 1002 ni Radeon, 10DE ni NVIDIA, 8086 ni Intel. Kompyuta mpakato nyingi za gemu zinatoka kiwandani na Ryzen yenye Radeon ndani na GeForce pembeni, draiva zote mbili zimewekwa. Kinachochanganya watu ni jina. "AMD Chipset Software" ni ya bodi na prosesa, usiiondoe kwa sababu eti umeweka NVIDIA. "Adrenalin" ni ya michoro ya Radeon. Hiyo unaweza kuiacha kama utatumia Vega kwa skrini ya pili, au kuitoa kama hutaitumia.

Kwa B450 fuata mpangilio huu. Pakua draiva ya 3060 kabla ya kufungua kasha. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe. Kadi iingie sloti ya juu, ile iliyo karibu na prosesa, mpaka ule ulimi wa plastiki wa mwisho wa sloti ulie "tak". Funga skrubu za nyuma, chomeka pini 8. Waya wa skrini uuchomoe kwenye bodi, uuchomeke kwenye KADI. Nusu ya malalamiko ya "kadi imekufa" ni HDMI iliyobaki kwenye bodi.

Mashine ikiwaka, ingia BIOS (mipangilio ya bodi). Sehemu ya michoro ya ndani angalia kumbukumbu iliyotengwa kwa ajili ya Vega. Mara nyingi imewekwa GB 2, na hiyo ni RAM yako inayokaa bure. Irudishe Auto, au izime Vega kabisa.

DDU (programu ya kufuta draiva za michoro) haina haja hapa, unaongeza kadi tu. Inahitajika ukibadilisha kampuni, yaani Radeon inatoka na GeForce inaingia mahali pake, na hasa pale draiva ya zamani inapoacha mabaki. Hapo unakata intaneti kwanza, maana Windows Update hupenda kujipakulia draiva yake katikati ya kazi. Kisha unaingia Safe Mode, unachagua kampuni ya kadi inayotoka, unabonyeza lile chaguo la kusafisha na kuzima, halafu ndipo unabadilisha kadi.

Kuhusu Resizable BAR, mashine zako zote mbili isahau kwa sasa. Dell ya kizazi cha 4 haina chaguo hilo. Kwenye B450 linaweza kuonekana, lakini 3400G inakudanganya kwa jina: ina namba ya 3000, ila ndani ni Zen+ (muundo wa zamani kuliko Ryzen 3000 nyingine), na AMD aliporuhusu Ryzen 3000 aliziacha nje 3400G na 3200G kwa majina yake. Ukikuta mahali mtu anasema "Ryzen 3000 inakubali", hizo mbili hazimo.

---

wati_75 alijibu:

Nakubaliana na mpangilio, sikubaliani na kadi. Kama RX 6400 bado hujailipia, kwa hiyo Dell chukua GTX 1650, ile isiyo na tundu la waya.

RX 6400 ina umbo la sloti ya njia 16 lakini nyaya zake ni 4 tu. Ilitengenezwa kwa PCIe 4.0, ambapo njia 4 zinapitisha kama GB 7.9 kwa sekunde. Kwenye Q87 na i5-4590 unapata 3.0, yaani karibu GB 3.9. Gemu ambalo linatosha ndani ya GB 4 za kadi halitajali sana. Likizidi kidogo tu, picha zinaanza kuletwa kutoka RAM ya mashine kupitia ule mlango mwembamba, na hapo ndipo gemu linakwamakwama hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Dawa yake ni kushusha ubora wa picha za nyuso za vitu, yaani textures, mpaka matumizi yabaki chini ya GB 4. Kushusha vivuli hakutasaidia kwa tatizo hilo.

GTX 1650 nayo ni GB 4, lakini ina njia 16 za 3.0, kwa hiyo mlango wake kwenye Dell ni mara nne ya huo. Pia ina kisimbaji cha video, yaani sehemu ya kubana video wakati wa kurekodi. RX 6400 haina kabisa kisimbaji cha H.264 wala HEVC, kwa hiyo anayerekodi gemu au kurusha mubashara kazi yote inaangukia prosesa, na i5 ya nyuzi nne itahema. Angalizo: 1650 imepimwa wati 75 na ziko zenye pini 6. Angalia picha ya ukingo wa kadi kabla hujatoa pesa.

Intel Arc usiitazame kwa hiyo Dell hata kwa bei ya bure. Hiyo ndiyo kadi ambayo bodi ya zamani inaiumiza zaidi: bila Resizable BAR inaanguka vibaya, na Intel wenyewe wanataka Core ya kizazi cha 10 au Ryzen 3000 kwenda juu.

---

Njia_16 alijibu:

@wati_75 hoja ya kisimbaji naikubali kabisa. Ya njia naikubali nusu: kama anacheza mpira na yale magemu mepesi ya mtandaoni, tofauti ataitafuta kwa kurunzi. RX 6400 inabaki na faida yake ya wati 53, na ziko fupi zinazoingia hata kwenye yale makasha membamba.

Ila ukibaki nayo, chunga sloti. 9020 ya kusimama ina sloti MBILI ndefu. Iliyo karibu na prosesa ni njia 16 za 3.0. Ile ya pili ina urefu uleule lakini ndani ni njia 4 zinazotoka kwenye chipseti, na chipseti ya Q87 inatoa 2.0. RX 6400 ukiichomeka huko itawaka, itaonyesha picha, hutajua kitu, na utakuwa na GB 2 tu kwa sekunde. B450M nyingi zina mtego huohuo kwenye sloti ndefu ya chini. Bodi za H81 ni mbaya zaidi, maana hata sloti yao kubwa imefungwa kwenye 2.0, na Core za kizazi cha 2 ni 2.0 kwenye bodi yoyote utakayoziweka.

---

Soketi_Tupu alijibu:

Asanteni sana wakuu. RX 6400 ilikuwa imeshanunuliwa. Zote zimeingia na zinawaka, ila mambo matatu.

GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) kwenye B450 inaandika "PCIe x16 4.0 @ x8 1.1" kwa 3060. Kwenye Dell inaandika "@ x4 2.0" kwa RX 6400. Na skrini ya Dell ina VGA peke yake. Adapta ndogo ya DVI kwenda VGA niliyonayo haina hata mahali pa kuchomeka.

---

FundiBios alijibu:

3060 haina tatizo. Sehemu ya kwanza, "x16 4.0", ni uwezo wa kadi. Baada ya @ ndiyo hali ya sasa hivi. "1.1" ni kwa sababu kadi imepumzika na imeshusha kasi kuokoa umeme. Pembeni ya mstari huo kuna kitufe cha alama ya kuuliza; kibonyeze, anzisha jaribio la kuchora, utaona inapanda hadi 3.0. Haitafika 4.0, B450 ni 3.0. Na "x8" ndiyo 3400G yenyewe: inatoa njia 8 tu kwa kadi, haijalishi bodi imeandika nini. Ni GB 7.9 kwa sekunde, na kwa kadi yenye GB 12 zake mwenyewe upungufu wake hautauona kwa macho.

RX 6400 ifanyie jaribio hilohilo. Ikibaki 2.0 huku inachora, uko kwenye sloti ya pili.

VGA: adapta ya DVI kwenda VGA haikuwa na akili yoyote ndani, ilikuwa inapitisha tu mawimbi ya analogi yaliyotoka kwenye kadi. Kadi hizi hazitoi analogi tena. RX 6400 ina HDMI moja na DisplayPort moja, kwa hiyo unahitaji adapta yenye chipu ya kugeuza, ya HDMI kwenda VGA. Zile zinazotosha 1920 kwa 1080 kwa Hz 60 ni za kawaida madukani. Usinunue waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili usio na chipu ya kugeuza ndani yake. Huo kwenye kadi hii hautatoa picha.

---

Soketi_Tupu alijibu:

Ilikuwa sloti ya pili kweli. Sasa inasoma "@ x4 3.0" ikichora. Adapta natafuta, kwa sasa nimeazima skrini yenye HDMI.

La mwisho: nikibadilisha 3400G kwa Ryzen 5 5600 kwenye B450 hiyohiyo, napata njia 16 na hiyo Resizable BAR?

---

wati_75 alijibu:

Unapata zote mbili, bado kwa 3.0. Ila fuata utaratibu, maana hapa ndipo watu wanapobaki na skrini nyeusi.

Weka BIOS mpya kabla ya kuitoa 3400G. Soma maelezo ya toleo kwenye ukurasa wa bodi yako, pawe pameandikwa wazi kwamba linakubali Ryzen 5000. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, isimamishe kwanza na uwe na ufunguo wa dharura mkononi.

Resizable BAR inataka CSM (hali ya BIOS ya kuwasha kwa mtindo wa zamani) izimwe, na ukizima CSM wakati Windows yako iko kwenye diski ya mtindo wa zamani wa MBR, haitawaka. Fungua Disk Management, bofya diski kwa kitufe cha kulia, Properties, Volumes, uangalie mtindo wake. Ikiwa MBR, hifadhi nakala ya vitu vyako, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, ndipo:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Baada ya hapo ingia BIOS moja kwa moja, zima CSM, washa Above 4G Decoding, kisha Re-Size BAR Support. Kwenye Windows fungua NVIDIA Control Panel, System Information, ushuke mpaka Resizable BAR, iandike Yes. RTX 3060 ilitoka na uwezo huo tangu Februari 2021, kwa hiyo haihitaji BIOS mpya ya kadi kama zile 3070 na 3080 za mwanzo.

Ikitokea umezima CSM na skrini haionyeshi chochote hata nembo ya bodi, chomoa umeme, toa betri ndogo ya duara kwa dakika chache au unganisha zile pini mbili za kufuta CMOS (mipangilio ya BIOS iliyohifadhiwa), uanze upya. Na kumbuka 5600 haina michoro ya ndani. Siku ukiitoa 3060 kuisafisha vumbi, HDMI ya bodi haitatoa kitu, usije ukadhani umeua bodi.